Apima Soko Zima, Mumewe Amkwepa

Saa tatu asubuhi, soko la Oyugis, kaunti ya Homa Bay, limechangamka. Pembeni mwa wauza dagaa wa omena, Eucabeth Nyasuguta anashusha pazia la hema lake, anavaa glavu na kumtoboa kidole muuza nyanya mmoja. Wakingoja majibu, wanapiga soga kuhusu mvua.

Eucabeth ni mshauri wa upimaji wa virusi vya ukimwi. Alianza kazi hii bintiye Liz akiwa mgongoni. Sasa Liz yuko sekondari. "Zamani nilikuwa natoa majibu mabaya kila siku," asema. "Siku hizi wiki inaweza isha bila hata moja."

Kitaifa pia, maambukizi mapya yamepungua sana kuliko miaka ile, ingawa Homa Bay na Migori bado zina mzigo mzito. Wanaomtoa Eucabeth jasho ni wanaume. Mke akipimwa kliniki ya wajawazito na kukutwa salama, bwana naye hujihesabu salama.

Na bingwa wa mchezo huo yuko nyumbani kwake. Joash, mumewe, fundi wa pikipiki, hajawahi kupimwa. "Mama Liz, si wewe unapimwa kila saa? Basi hii nyumba imepimwa," humjibu, kisha huomba chai.

"Nacheka, lakini naogopa," Eucabeth akiri. Mosoti, kaka yake Joash, alitegemea majibu ya mkewe hivyo hivyo. Alipofikishwa hospitali, alikuwa amechelewa. "Sitaki kumzika huyu na vipimo viko kwa mkoba wangu."

Tukiwa bado tunazungumza, Joash anatokea, mikono imejaa grisi, na kupanga foleni nyuma ya akina mama. Kanuni za kazi hazimruhusu kumpima mtu wake, hivyo mwenzake, Adhiambo, ndiye anayemwingiza Joash ndani.

Eucabeth anakaa kwenye benchi la nje, pale ambapo huwaambia wake wengine watulie. Yeye hatulii hata kidogo.

Pazia linafunguka. "Mama Liz, ingia," Joash anaita. "Adhiambo anasema nyumba haipimwi kwa mtu mmoja."

Wanapimwa pamoja na kutoka wote wawili wakiwa salama. Joash mwenyewe ametuomba tuandike hivyo. Eucabeth anafuta machozi kwa kiganja, bila kuona haya.

"Sasa Jumatatu lete hema kwa gereji," Joash anamwambia. "Wale vijana wangu wote wamepimiwa na mabibi zao."