Bunduki Tatu za Weldon Kipngeno

Weldon Kipngeno wa Kiptere ana ng'ombe wa maziwa, shamba la majani chai linaloteremka hadi mtoni, lori la kubebea majani hadi kiwandani, na bunduki tatu. Akikutembeza kwake, ng'ombe utaonyeshwa kwa mkono, majani chai utaonyeshwa kwa kidevu, na lori utaambiwa liko barabarani. Bunduki utasimuliwa. Utasimuliwa ukiwa umeketi, kwa sababu maelezo ni marefu na chai yako itapoa.

Zote zina leseni, na hilo lisemwe mapema ili mtu asimdhanie vibaya. Sefu imekazwa kwa nati kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ufunguo unaning'inia shingoni mwake hata akioga, na afisa aliyekuja kuikagua aliondoka akimsifu. Kwa upande wa sheria Weldon hana doa. Shida iko kwenye sababu. Kila bunduki ina sababu mbili: ile anayoitoa yeye, na ile anayoitoa mkewe Janeffer kutoka jikoni, kwa sauti inayofika sebuleni bila kutumwa.

Ya kwanza ni bunduki nyembamba ya risasi ndogo, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Weldon husema anaiweka kwa ajili ya nungunungu wanaochimba viazi.

"Nungunungu wa mwisho alikufa kwa uzee," husema Janeffer. "Hiyo anaiweka kwa sababu ina harufu ya baba yake."

Na ni kweli. Mara moja moja Weldon huitoa, huipaka mafuta, kisha hukaa nayo magotini kimya. Kwa hiyo moja tusimcheke sana.

Ya pili ina mitutu miwili na hutema marisau. Aliinunua kwa mkulima mmoja aliyekuwa anahamia Nairobi kwa watoto wake. Ni ya kutisha tumbili wa mahindi, husema Weldon. Hufyatua hewani, tumbili hupanda juu ya mti wa jirani, hungoja moshi uishe, kisha hurudi wakiwa na njaa zaidi. Mbwa mmoja wa kawaida angefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini mbwa hana kitako cha mti wa mjozi kilichong'arishwa, wala hafungiki kwa ule mlio mtamu wa komeo la geti jipya. Weldon aliifungua na kuifunga mara moja tu sebuleni kwa yule mkulima, na bei ikakubaliwa hapo hapo.

Ya tatu ni bastola, na hiyo ndiyo yenye hadithi.

Sababu ya Weldon ni usalama. Mtu mwenye lori, husema, ni mtu anayetazamwa. Janeffer naye humkumbusha mchango wa kanisa uliofanyika mjini Kericho, miaka mingi iliyopita. Weldon alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na wenzake. Akaingia bwana mmoja mwenye koti jeusi, akainua mkono kusalimia watu, na koti likapanda kidogo tu ubavuni. Waliokuwa karibu waliona kilichokuwa pale. Mara vijana wa kanisa wakakimbia wakaleta kiti, si cha plastiki, kiti chenye mto, wakamketisha bwana yule mbele. Weldon aliyatazama yote hayo akiwa benchini. Mwaka huo huo akaanza kutafuta leseni.

Tangu hapo amekuwa akiivaa kila anapotoka kwenda kwa watu: sokoni, kwenye mkutano wa wakulima, hata kanisani, ambako Mungu anaaminika kuwa na ulinzi wake mwenyewe. Huivaa kwenye mfuko wa ngozi, ndani ya kiuno cha suruali, kwa mshipi mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Na kwa sababu bastola na tumbo havikai pamoja kwenye kiuno kimoja, Omosa, fundi wa nguo pale Kiptere, humshonea suruali pana kuliko mwili wake.

"Niache nafasi ya mgeni?" huuliza Omosa, akivuta utepe.

"Acha."

"Huyu mgeni wako hajawahi kuniamkia."

"Shona, Omosa."

Basi mambo yakawa hivyo hadi mtoto wao Kipngetich alipopata mchumba. Msichana anaitwa Dorine, mwalimu, na kwao ni karibu na Longisa. Kipngetich alikuwa amesubiri siku ya wazazi wake kwenda kumuomba kama mtu anavyosubiri matokeo ya mtihani. Asubuhi ya safari Janeffer alikagua kila kitu: blanketi za kupeleka, sukari, watu wa ukoo, gari. Mwisho akamkagua mumewe.

"Baba Kipngetich, hiyo unaenda nayo wapi?"

"Barabara ya Bomet siku hizi haina adabu."

"Mchana? Na gari limejaa wazee na blanketi? Nani atatuibia, mtu anayesikia baridi?"

"Mama, wewe hujui mambo ya usalama."

"Mimi najua mambo ya kiti," akasema Janeffer, akafunga mlango wa gari.

Walipokewa vizuri. Baba ya Dorine, Mzee Mosonik, ni mtu wa maneno machache. Mwenye maneno ni mama yake, Chepkemboi, ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani bibi. Kwa Kogo, anayekuja kuomba msichana huacha hata fimbo yake nje ya mlango, kwa sababu anayeomba haombi akiwa ameshika kitu cha kupigia. Wazee wa Kiptere waliacha fimbo zao zimeegemea ukuta. Weldon hakuwa na fimbo. Aliingia akijiona mwepesi wa roho.

Ikaletwa mursik, maziwa ya kibuyu. Weldon akainama kupokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, na koti likafanya kile ambacho koti lile lilikuwa limezoeshwa kufanya miaka yote.

"Hiyo ni nini?" akauliza Kogo.

Janeffer akatazama dari.

"Ni… ni kitu cha usalama, Kogo. Kina leseni."

"Nasikia nyumbani unazo tatu."

"Ndiyo, Kogo."

"Kwa nini umekuja na hii?"

"Hii ni ndogo. Haionekani."

"Mimi nina mtoto wa jicho," akasema Kogo, "na nimeiona."

Mjomba mmoja akakohoa ndani ya kikombe. Weldon akatafuta msaada kwenye sheria, mahali alipozoea kuupata. Akaeleza kwa heshima kwamba mwenye silaha haruhusiwi kuiacha kwenye gari, wala kumpa mtu mwingine amshikie, wala kuiweka pembeni. Alikuwa anasema kweli tupu. Ubaya wa ukweli huo ni kwamba angeusema asubuhi, mbele ya sefu, usingemfikisha pale.

"Sikukuambia unipe mimi," akasema Kogo. "Nimesema haitakaa kwenye maneno ya msichana wangu. Na kama haiwezi kutoka bila wewe, basi tokeni wote wawili."

"Kogo, mimi ndiye baba ya kijana!"

"Ndiyo maana nimekungojea umalize mursik."

Weldon akasimama. Kipngetich, aliyekuwa karibu na mlango, alitazama viatu vyake. Kogo akamgeukia Janeffer. "Mama, huyu mume wako anaogopa nini hasa?"

Mwanamke mwingine angemfichia mumewe. Janeffer naye alikuwa amefundishwa kutomdanganya mtu mzima. Akasimulia habari ya mchango wa Kericho kwa ufupi, bila chumvi, na haikuhitaji chumvi. Alipofika kwenye ule mto wa kiti, wanawake walikuwa wamefunika midomo kwa leso.

"Kumbe ni kiti," akasema Kogo. Akaita jikoni. "Mtoleeni mkwe kiti kizuri. Kile cha sebuleni, chenye mto."

Ndivyo Weldon Kipngeno alivyopata alichokuwa akikitafuta. Aliketi nje, kwenye kiti kikubwa cha kitambaa chenye maua, peke yake, kati ya tangi la maji na zizi la ndama. Ndani alisikia sauti za watu wakipanga maisha ya mtoto wake: sauti ya mkewe, sauti ya kaka yake mdogo aliyelazimika kusema kwa niaba ya ukoo, vicheko, halafu ukimya, halafu vicheko tena. Ndama mmoja alikuja akalamba mkono wa kiti. Dorine mwenyewe ndiye aliyemletea chai. Alimwamkia vizuri, bila kucheka, na hilo lilimuuma kuliko kama angecheka.

Jioni Mzee Mosonik alimtolea maneno ya mwisho. Wamesikilizana na wenzake, lakini msichana hatolewi kwa baba aliyekuwa nje. Warudi siku ya baraka. Siku hiyo baba ya kijana ainue mikono yake miwili mitupu mbele ya Kogo. Akija tena na chuma, Dorine atabaki kwao, na wasilaumiane.

Gari likavuka Bomet. Hapo Kipngetich akasema, polepole, "Baba, sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

"Nimesikia."

"Ni hiyo tu."

"Nimesema nimesikia."

Siku ya baraka ilipofika, Weldon aliamka mapema, akafungua sefu na kuiweka bastola humo. Aliiweka pamoja na mfuko wake na mshipi wake, kwa kuwa vilikuwa vimeungana kama familia. Akafunga, akavaa ufunguo, akavaa koti. Alijisikia kama mtu aliyetoka hospitali. Na ilikuwa baada ya kupita Litein, aliposhuka kununua ndizi, ndipo alipogundua kwamba suruali ya Omosa ilikuwa imebaki na nafasi ya mgeni lakini mgeni hayupo.

Mshipi mwingine hakuwa nao. Mishipi aliyokuwa nayo zamani aliigawa, akijua hataihitaji tena. Kumwambia Janeffer kulimshinda. Basi akafunga vifungo vyote vya koti, akabana kiwiko cha kushoto ubavuni, na akafika Longisa akitembea kama mtu aliyebeba yai kwapani.

Ua ulikuwa umejaa watu. Kwenye lango palitundikwa sinendet, ule mtambaazi wa kijani ambao Wakipsigis huwavisha washindi na maarusi. Kogo alisimama mbele akiwa na kibuyu. Wazee wakajipanga, wakainua mikono, viganja wazi.

Weldon akainua mmoja.

"Mkono ule mwingine," akasema Kogo.

"Unauma kidogo, Kogo."

"Unauma wapi?"

"Hapa… ubavuni."

Ubavuni! Watu wakatazamana. Kila aliyekuwepo alijua kilichowahi kukaa kwenye ubavu ule. Mzee Mosonik akaishusha mikono yake. Dorine akamtazama Kipngetich, na Kipngetich akafumba macho. Janeffer, ambaye alikuwa ameiona sefu ikifungwa lakini hakuona kilichoingia, alimnong'oneza mumewe kwa sauti ambayo Weldon hakuwahi kuisikia kwake: "Weldon, niambie hukufanya hivyo."

Hapo ndipo Weldon alipoona hesabu yake yote ya miaka. Angeweza kubaki na heshima yake chini ya kiwiko, na watu wote waamini kuwa ni bastola. Au angeinua mkono. Alimtazama mtoto wake aliyefumba macho. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akainua mikono yote miwili juu kabisa, kama mtu aliyekamatwa.

Suruali haikusita. Ilienda mpaka magotini, na ingeendelea kama hangetanua miguu. Shati lilikuwa refu, Mungu ni mwema.

Hakuna aliyecheka mwanzoni, kwa kuwa hawakuamini. Kisha Kogo akasogea, akainama kidogo, akalichunguza jambo lile kwa jicho lake zima.

"Sasa nimeamini," akasema. "Huyu amekuja mtupu."

Hapo ua mzima ukapasuka. Wazee wa Kiptere walicheka hadi wakashikana. Janeffer alicheka huku akilia. Lakini Weldon hakushusha mikono. Alikuwa ameambiwa ainue, na baraka ilikuwa haijasomwa. Alisimama vile vile, uso umewiva kwa aibu, viganja wazi, mpaka Kogo alipowanyamazisha watu, akanyunyiza maziwa, akasema maneno yake yote bila kuruka hata moja. Watu wakaitikia. Dorine akawa mtoto wa Kiptere.

Ndipo bibi yule akavuta sinendet kwenye lango, akampandishia mkwe suruali kama anavyopandishiwa mtoto wa shule, na kuifunga kiunoni kwa fundo la mtambaazi ule.

"Kaa ndani sasa," akamwambia. "Viti vyenye mto vimeisha. Utabanana na wengine kwenye benchi."

Akabanana. Waliokuwa karibu naye wanasema hajawahi kuonekana akila vizuri namna ile.

Bastola bado iko sefuni. Weldon huzungumza juu ya kuirudisha serikalini leseni itakapokwisha, na Janeffer huacha azungumze. Mgeni akija bado atasimuliwa ile ya baba na ile ya tumbili. Juu ya ya tatu husema tu, "Ipo."

Lakini wiki iliyofuata baraka alionekana kwa Omosa na rundo la suruali mkononi. Fundi akavuta utepe wake.

"Niache nafasi ya mgeni?"

"Punguza," akasema Weldon.

"Zote?"

"Zote, Omosa. Na uniuzie mshipi."