Mkono wa Shemeji Kwenye Bomba la Boila

Asije mtu akaniambia shemeji yangu alikuwa mvivu, tutagombana. Miaka ishirini na mbili alisimamia boila la hoteli ile, chini kabisa, ukuta mmoja na chumba chetu cha kufulia, na hakuna mgeni aliyewahi kuoga maji baridi. Tulimwita Bwana Mita, kwa sababu kila saa alipita na daftari kuandika boila limekunywa lita ngapi za dizeli. Mkewe, dada yangu wa damu, alikuwa meza ya pasi. Mimi nilikuwa mashine ya mashuka.

Mwaka ule mwenye hoteli akataka kujua jengo lake linatoa hewa ya ukaa kiasi gani, maana siku hizi wageni wa makampuni wanauliza kabla ya kuchukua vyumba. Akaletwa binti mmoja mtaalamu, mpole, wa viatu vya raba. Akaijenga hoteli upya ndani ya kompyuta yake: kila dirisha, kila taa, kila kiyoyozi, vyumba tisini na sita. Alituonyesha chumba chetu, kiboksi cha kijivu.

"Na sisi tuko wapi humo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kila mtu nimemhesabu kama joto, mama."

"Basi dada yangu mhesabu mara mbili. Akikasirika huyo ni jiko!"

Dada akanirushia foronya.

Ili hoteli ya kompyuta ifanane na ya kweli, binti alichukua madaftari ya shemeji ya miaka mitatu. Hesabu zikakaa vizuri ajabu. Akasema hajapata kuona kumbukumbu safi kama zile. Shemeji akainamisha kichwa, nami nikadhani anaona haya kwa kusifiwa.

Siku ya pili nikampelekea chai. Nikamkuta ameweka kiganja kwenye bomba la mvuke, kisha akaandika kumi na nane. Mita ilikuwa juu yake pale pale, hata shingo hakuinua. Nikaisoma mwenyewe, tarakimu za lita kwa saa. Ishirini na saba.

"Shemeji, unaandika nini?"

Alitaka kunichekea, ikashindikana. Akaniambia macho yamefunga ukungu, mwaka wa pili sasa, tarakimu hazioni. Lakini mkono wake unalijua bomba. Likichoma hivi ni lita kadhaa, likichoma vile ni kadhaa. Nikamwambia mita inasema ishirini na saba. Akaketi juu ya ndoo.

"Basi limeziba masizi," akasema. "Linakunywa zaidi kutoa joto lile lile. Mkono hauwezi kujua hilo."

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Linaunguza mafuta vibaya. Linatoa moshi wa sumu, usioonekana wala kunuka, na bomba la moshi limepita ukutani kwenu. Zile feni zenu mbili ndizo zinazoutoa nje. Shemeji, msizizime zile feni."

Nikaiweka chai chini. "Kaseme. Leo hii."

"Miezi saba nistaafu. Wakijua sioni, nimekwisha."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ijumaa kuna kikao cha ripoti ya binti. Nitasema mbele ya wote. Nipe mpaka Ijumaa tu."

Nikampa. Haki ya Mungu, nilimpa! Hata dada sikumwambia, kwa kuwa nilijua atawaka. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo.

Jumatano ripoti ikatoka kabla ya kikao. Kwa namba za daftari, boila lilikuwa safi kabisa, na mharibifu wa umeme kule chini alikuwa zile feni zetu, zinazozunguka kutwa bure. Alhamisi asubuhi zikapunguzwa mwendo, huko huko juu, kwa kompyuta. Nilisikia mlio wao ukishuka. Nikakimbia kwa shemeji.

"Kesho ni Ijumaa," akasema, jasho linamtoka. "Acheni mlango wazi. Siku moja tu, shemeji."

Nikaufungua mlango. Mkuu wa zamu akaufunga, joto lisipotee. Nikaufungua tena, akaufunga tena, na safari hii kwa ufunguo, akaondoka nao. Hoteli ilijaa siku ile, boila linanguruma. Saa nane mchana dada akaegemea meza.

"Kichwa kinanigonga, mdogo wangu."

"Jikaze kisabuni," nikamwambia, tukacheka wote wawili. Nikageuka niende nikavunje kioo cha mlango, magoti yakakataa.

Tulianguka watu watatu, mimi, dada na mwenzetu mmoja wa kufulia. Nilisikia kioo kikipasuka, nikasikia viatu vya shemeji. Mimi na dada tumbo moja, umbo moja, na sare ya buluu ni ile ile. Akapapasa sakafuni, akagusa shavu langu, akagusa mkono wangu, akaninyanyua.

"Mama watoto, nimekushika. Nimekushika, usiogope."

Ngazi zote zile. Nilikuwa namsikia, ila ulimi haukuinuka. Uani hewa iliponipiga ndipo nikapata neno moja.

"Shemeji."

Mikono yake ikalegea. Aliniweka chini, akarudi mbio, akajigonga kwenye nguzo, akaendelea. Dada yangu alitolewa wa mwisho, ameshakufa.