Kura Mbili Zina Nini?

Bora niwaambie mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine watatia chumvi, na hii haihitaji chumvi: mimi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye nyumbani Morogoro hata ujumbe wa nyumba kumi sikuwahi kugombea, niliwahi kumwangusha mgombea kwenye uchaguzi mkuu wa nchi ambayo hata kuikanyaga nilikuwa sijaikanyaga. Chekeni tu. Mwenzenu nilikaa miezi sijacheka.

Kisiwa chenyewe siwatajii. Kiko katikati ya Bahari ya Pasifiki, kina bendera yake na bunge lake ingawa bado kiko chini ya nchi nyingine kubwa, na watu wake ni wachache kiasi kwamba nikitaja jina tu mtajua nasema nyumba ya nani. Binti yao mmoja, Mele, alikuwa nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Toronto, na hapo kazini ndipo alipokutana na Elia, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa mji huu baba yake ni mimi na mama yake ni mimi. Wakapendana. Elia akaja kuniambia, "Shangazi, safari hii nataka mambo yaende sawa."

Alisema "safari hii" kwa sababu kulikuwa na safari nyingine. Miaka miwili nyuma tulikwenda kumposea binti mmoja Mississauga, tukaenda watu watatu tu, maana wengine wote walikuwa zamu, na mama mwenye nyumba akatutazama kuanzia viatu mpaka kichwani akasema, "Samahani, mmekuja kuposa au mmekuja kuuza bima?" Uchumba ukafia pale pale sebuleni. Kijana alikonda, jamani, akawa anakula ukimlazimisha tu, nami nikaapa kwamba siku nikienda tena kuposa nitaenda na watu, tena watu wa kuonekana.

Basi mwezi wa nne wazazi wa Mele wakaja kumtembelea binti yao. Wakasema wako tayari kutupokea Jumatano, kwa sababu Alhamisi wanarudi kwao wawahi kupiga kura: kaka mkubwa wa Baba Mele, anayeitwa Mzee Sefo, alikuwa anagombea kiti cha kijiji chao bungeni, na ndege ya kwenda kule kisiwani ni moja kwa wiki, ukiikosa umeikosa. Jumatano! Mimi nafanya kazi Malton, kwenye jiko linalopakia vyakula vya ndege, na watu wangu wote ni wa huko huko, wa mizigo, wa maghala, wa usafi (watu wa kusubiri basi kwenye theluji saa kumi alfajiri), Jumatano ningempata nani? Elia akaniambia, "Shangazi, iwe Jumatano tu, hata tukiwa wawili." Nikamwambia wewe ndiye bwana harusi, kazi yako ni kunyoa ndevu, mambo ya posa niachie mimi. (Mshenga kwa kawaida ni mwanaume mzima mwenye busara, najua, lakini Toronto wanaume wazima wenye busara wote wako zamu.)

Nikampigia simu Baba Mele. Tulizungumza Kiingereza, changu cha kuokoteza na chake cha taratibu kama mtu anayesoma Biblia, nikambembeleza asogeze safari wiki moja, posa iwe Jumamosi. Akasema kwa upole kwamba kuna uchaguzi. Nami, kwa mdomo huu huu mnaouona, nikamjibu, "Baba Mele, kura mbili zina nini? Kwetu hupotea masanduku mazima na mshindi anapatikana vilevile!"

"Kwetu," akasema, "kijiji kizima wapiga kura hatufiki mia."

"Basi si ndiyo rahisi? Atawaomba mmoja mmoja!"

Yule mzee ni mstaarabu, tena alikuwa mgeni, na habari yenyewe ni ya mwanaye, akakubali. Akaongeza neno moja ambalo nililisikia kwa sikio moja: kwamba jibu la posa si lake, mkuu wa ukoo ni kaka yake Sefo, siku hiyo atapigiwa simu na yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Nikasema sawa, sawa, hakuna shida.

Jumamosi asubuhi, nakunywa chai, nikasema hebu nichungulie huo uchaguzi wao umeendaje. Redio ya kisiwa ina ukurasa wake kwenye mtandao, nikaufungua kwenye simu, na nini nakiona? Sefo anaongoza kwa kura tatu! Chini yake kulikuwa na mstari mdogo unasema kura za waliopiga mapema bado hazijahesabiwa, nikauona, sikatai, lakini mimi ni mtoto wa kwetu, na kwetu anayeongoza asubuhi jioni anaapishwa. Nikaruka na kikombe mkononi. Nikawaza, we mama una bahati gani, unaenda kuposa kwenye nyumba yenye mheshimiwa mpya! Nikawapigia watu wangu wote kumi na wanne, njiani nikasimamisha gari nikanunua keki kubwa, na yule binti wa dukani aliponiuliza aandike nini juu yake, nikamwambia aandike "Hongera Mheshimiwa", kwa Kiingereza ili wenyewe waelewe, tena kwa herufi kubwa.

Mele alikuwa anakaa Parkdale, ghorofa ya tano, na lifti yao inabeba watu watano ukibana pumzi, kwa hiyo tulipanda kwa mafungu, na kila fungu likifika juu linaanza vigelegele bila kusubiri wenzao. Milango ya korido ikafunguka mmoja mmoja. Babu mmoja wa Kitibeti akatoka na kandambili akaanza kutupigia makofi, na mimi nikamwambia asante baba, leo ni leo.

Tukaingia. Baba Mele na Mama Mele wamekaa kwenye kochi, wamevaa nguo nyeusi, macho mekundu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema moyoni, hawa walikesha wanashangilia. Nikamfunika Baba Mele kitenge kipya mabegani, nikamvisha Mama Mele taji la maua, nao wakainamisha vichwa kwa adabu, maana kwao pia wageni hupambwa kwa mashada, wakadhani hiyo yote ndiyo posa ya Kitanzania. Mele alikuwa kwenye mlango wa jikoni ananitikisia kichwa, nikadhani ni aibu za bibi harusi. Elia akanivuta mkono: "Shangazi, hebu subiri kwanza."

"Kaa kimya, bwana harusi hasemi."

Nikafungua keki. Baba Mele akainama akayasoma yale maandishi, akarudia kuyasoma, na Mama Mele akajifunika uso kwa mikono. Na hapo hapo simu yao ikaita pale mezani, ile ya kuonana uso kwa uso, na jina lililotokea ni Sefo. Mele alinyoosha mkono aichukue. Nilimuwahi.

"Niacheni nimpongeze mwenyewe!" Nikaigeuza simu watu wangu wote waonekane, nikapaza sauti ya mkutano wa hadhara: "Mheshimiwa hoyeee!"

"Hoyeee!" wakaitika wote kumi na wanne, na vigelegele juu.

Kwenye simu kulikuwa na mzee mmoja mnene amevaa singlendi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake watu wanakunja turubai. Akatusubiri mpaka tukamaliza. Kisha akauliza, "Nani huyu?"

Baba Mele akajibu taratibu kutoka kwenye kochi, "Ndiye yule mama wa Jumamosi."

"Aa," akasema yule mzee. "Mwambieni nimeshindwa. Kwa kura moja."

Jamani. Rafiki yangu Mama Zawadi, Mungu amsamehe, akanong'ona kwa Kiswahili nyuma yangu: "Moja? Si hawa wawili ndio wangempitisha?"

Hesabu ya darasa la kwanza, na kila mtu mle ndani alikuwa ameshaimaliza. Nilitamani sakafu ifunguke nitokee ghorofa ya nne. Lakini kilichonimaliza si aibu ya watu; nilimwangalia Elia nikauona uso ule ule wa Mississauga, uso wa kijana anayeona uchumba wake wa pili unafia sebuleni, na safari hii aliyeuua ni mimi. Nikaisimamisha ile simu mezani, nikapiga magoti mbele yake, na gauni langu la kushonesha, na keki imenipaka begani.

"Baba," nikasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema kura mbili zina nini. Niadhibu mimi, kijana mwache."

Mzee Sefo akauliza, "Kijana yuko wapi?" Elia akasogea, mzee akamuuliza, "Habari ya kutupangia Jumamosi uliijua?"

"Niliijua, baba. Nilimwomba shangazi iwe Jumatano, akakataa." (Kweli tupu. Sikumlaumu.)

"Basi binti mchukue," akasema Mzee Sefo. "Ila harusi itakuwa huku kwetu. Na huyo mama aje, apite nyumba kwa nyumba awaeleze watu walionipigia kura, maana mimi nimeeleza nimechoka." Akakata simu. Mama Mele akafuta machozi, akachukua kisu, akakwangua yale maandishi yote juu ya keki mpaka ikabaki nyeupe, akatukatia. Tulikula, watu wangu kumi na wanne na mimi, na hakuna aliyethubutu kuomba kipande cha pili.

Mwezi wa kumi na mbili nikapanda ndege tatu kwenda kuomba radhi. Nilizunguka kijiji chote kwa miguu. Kila nyumba wananipa kiti, wananipa chakula, halafu wananiambia nianze mwanzo kabisa, na wengine walikuwa wamenifuata kutoka nyumba iliyopita ili waisikie tena. Nyumba ya sita nilijikuta nimeanza kuisimulia vizuri, nikajionea haya upya.

Harusi ikafana, Elia anang'aa, Mele anang'aa, na meza ya mbele, pembeni ya Mzee Sefo, amekaa mshindi mwenyewe, mheshimiwa wa kweli, kwa sababu kijiji kile wote ni ndugu na harusi ni ya wote. Kabla ya chakula akasimama, akaomba kipaza sauti.

"Namshukuru sana mgeni wetu kutoka Toronto," akasema. "Kampeni nilifanya mimi, nyumba zote nilizunguka mimi. Lakini kura iliyoniingiza bungeni aliitafuta yeye."

Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Mimi nikamtazama Mzee Sefo. Hakucheka. Aliitazama sahani yake kidogo, kisha akaanza kupiga makofi, polepole, kama wenzake, maana kesho yake atakutana na mtu huyo kanisani na keshokutwa dukani, na kila siku ya maisha yake baada ya hapo. Nikalia, nyie, nililia pale mezani mbele ya kijiji kizima, wakadhani ni furaha ya harusi, sikuwasahihisha.

Nimeshukuriwa mara nyingi kwa pilau yangu na kwa sauti yangu ya kwaya, lakini shukrani ile namwomba Mungu asinirudishie. Bado wananiita kwenye posa, nami naenda, ila nikifika swali langu ni moja tu, wenyewe mnataka siku gani, na wakishanijibu nasema sawa, hapo hapo nafunga mdomo.