Siku Mama Alipoketi Mchangani

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alipiga simu Ijumaa jioni kutoka Nunguni. Alisema kesho yake anapelekwa hospitali kupasuliwa tumbo, gari litaondoka saa nane mchana, na angependa dada yake amwombee kabla hajaenda. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa, tangu mjomba akose kuja kumzika baba yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakuja," akanirudishia simu.

Wazo la pikipiki lilikuwa langu. Ndiyo iliyokuwa ikinipeleka kila siku kwenye shule ninayofundisha, na niliona itatuepusha kungoja magari njiani. Tulitoka Kanyangi saa mbili asubuhi. Mama alikuwa na miaka sabini na mbili. Alipanda kama wanaume, leso mbili kiunoni, helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, akanishika jaketi kwa mikono yote miwili.

Tulivuka daraja la Athi vizuri. Mbele kidogo tairi la nyuma likatoboka, na ilipofika saa tano na nusu ndipo fundi alipomaliza kuliziba. Mama hakulalamika, ila alikuwa akiniuliza saa kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo nikaamua kuacha barabara kubwa na kukata kupitia mto wa mchanga ninaoujua, ambao karibu mwaka mzima ni mkavu.

Tulipofika ukingoni, mama alinigusa bega nisimame. Pale tulipokuwa jua lilikuwa kali, lakini juu ya milima ya Mbooni kulikuwa na wingu jeusi.

"Kule juu Kikima kunanyesha," alisema. "Turudi barabarani."

Nilimwambia tukirudi hatutamkuta mjomba. Akanishika jaketi tena, nami nikateremka.

Katikati ya mto tairi la nyuma lilizama. Nilipoongeza moto likajichimbia zaidi, hadi mchanga ukafika kwenye ekseli. Mama akashuka. Karibu na ukingo wa pili palikuwa na mwanamke akichota maji kwenye kisima alichochimba mchangani, punda wake wawili wakiwa kando. Niliona punda wameinua masikio, wanavuta kamba. Yule mwanamke akasimama, akatazama upande mto unakotoka, kisha akawafungua punda, akaacha mitungi yake na kutupungia mikono.

"Tokeni. Mto unakuja."

Nami niliusikia wakati huo, mngurumo wa chini kama wa lori lililo mbali. Alikuja mbio, akamshika mama mkono, wakaanza kwenda. Mimi nilibaki nikisukuma. Najua sikuwa na akili ya kubaki. Nilikuwa nikijiambia ni msukumo mmoja tu, halafu mmoja tena, na mchanga ulikuwa unazidi kuimeza pikipiki.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amejinasua na kurudi. Hakunivuta. Aliketi mchangani kando ya pikipiki, akakunja miguu kama mtu aliyefika kwake.

"Kama hutoki, na mimi sitoki," alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikaiacha pikipiki. Nilimwinua, nikambeba mgongoni, nikakimbia kwenye mchanga ule unaovuta miguu huku nikisikia pumzi yake shingoni. Yule mwanamke alitushika ukingoni na kutuvuta juu. Maji yalipita muda mfupi tu baadaye, ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na mti mzima. Pikipiki ilisimama ndani yake kidogo, ikalala, ikatoweka.

Nilivua helmeti. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe," nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nimpigie mjomba.

Saa ilikuwa saba na dakika kumi. Nilimweleza mjomba yaliyotokea na kwamba hatutawahi, kwa hiyo aende tu. Akauliza tuko wapi hasa, gari litupitie. Nikampa simu yule mwanamke amwelekeze, na nyumbani kwake ndiko tulikongojea, tukinywa chai yake huku mto ukiendelea kunguruma. Mama aliketi akitazama njia tu. Nilidhani amenikasirikia. Baadaye nilielewa alikuwa akijiandaa kumwona ndugu yake.

Gari la mjomba lilifika karibu saa kumi. Mjomba aliteremka akishikilia mlango, amekonda, suruali imekazwa kwa mkanda uliotobolewa tundu jipya. Mama alimwendea.

"Sikuja kumzika shemeji kwa sababu niliona aibu," mjomba alisema. "Tulikuwa tumegombana, sikupata nafasi ya kuyamaliza naye."

"Ungeniambia hivyo," mama akasema. "Ningekungojea."

Aliweka kiganja juu ya tumbo la mdogo wake na kuomba kwa Kikamba, polepole, bila kupaza sauti kama wafanyavyo kanisani kwetu. Mjomba alilia. Mimi na mwenyeji wetu tuliinamisha vichwa karibu na punda.

Alipomaliza, mama hakurudi kwangu. Aliingia garini, akakaa kando ya mjomba, akaniambia nimshukuru mwenyeji wetu vizuri kisha nitafute njia ya kurudi nyumbani. Alikaa hospitalini siku sita, mpaka mjomba alipoanza kunywa uji mwenyewe.