Fungu la Mwene juu ya Kichuguu

Wajukuu zangu wakirudi shule wakilia kwamba kuna mtoto anawaonea, hunitazama mimi, wanataka niende nikamkemee. Mimi huinama nikaendelea kuchambua maharage. Hawajui wanamwomba nani.

Nilikuwa mwonevu. Basi, nimesema, na anayetaka kushangaa ashangae.

Shule yetu ya misheni, upande wa Isansa, ilikuwa jengo moja la udongo lililoezekwa nyasi, enzi za Mwingereza, na kuonewa pale kulikuwa kitu cha kawaida kama baridi ya mwezi wa sita. Wavulana wa darasa la nne, wengine wameshaota ndevu, walitubebesha majembe yao hadi shamba la shule. Sisi tukawageukia wa chini yetu, wa chini yetu wakawafinya wa darasa la kwanza, na wale wa kwanza, maskini, wakaishia kumpiga mawe mbuzi wa mwalimu. Ukimwambia mwalimu, alisema, "Watoto wanacheza." Ukimwambia baba, uliongezewa kofi kwa kushindwa kujitetea. Mwaka wangu wa kwanza nililia mno. Ungedhani nilijifunza huruma. Thubutu! Nilijifunza ufundi.

Nyuma ya shule palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Nilipofika darasa la tatu, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, nilikikalia kila mchana na kujiita Mwene. Mwene kwetu ndiye chifu. Watu walimpelekea sehemu ya mavuno yao, wakapiga magoti, wakapiga makofi ya taratibu, ndipo waseme shida yao. Basi na mimi nikawa naita, "Leteni fungu la Mwene!" Wadogo wakaleta: nusu kiazi, karanga, kumbikumbi wa kukaanga wakati wa mvua. Nikala nikashiba, jamani, na wala sikuona ubaya.

Halafu akaja msichana mmoja mdogo wa darasa la pili. Mama yake alikuwa amefariki huko Ikinga, ng'ambo ya milima, na bibi yake mzaa mama akamleta huku kwetu amlee. Alizungumza Kindali, lugha ya kwao, nasi tukamcheka kila alipofungua mdomo. Wengine niliwachukulia nusu. Yeye nilimchukulia viazi vyake vyote viwili, kwa sababu hakulia. Aliniudhi kwa kutokulia kwake.

Mambo yakaenda hivyo wiki kadhaa, mpaka siku moja akaanguka katikati ya hesabu, puu, macho meupe. Njaa. Akabebwa nyumbani, na hakuonekana tena siku tatu. Kijiji hakina siri: tulisikia wajomba zake wamesema kama shule inamkondesha, abaki achume kahawa, msichana asome apate nini? Mimi niliinua mabega. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Siku ya nne, mchana, bibi yake akatokea, kikapu kichwani, amemshika mjukuu mkono. Hakwenda kwa mwalimu. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kichuguu, na mimi nipo juu. Nilishaandaa jibu la ufidhuli, maana matusi niliyazoea.

Hakunitukana. Alitua kikapu cha viazi, akapiga magoti kwenye tope jekundu, mama wa watu mwenye mvi kichwa kizima, akakunja viganja na kupiga makofi matatu ya taratibu.

"Mwene," akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. "Nimeleta fungu la mjukuu wangu. Utusamehe limechelewa."

Mungu wangu! Nimeona mengi tangu hapo. Nimeona radi ikipasua mti, nimezaa watoto saba, lakini sijawahi tena kuona kitu kikubwa kama kile. Kwetu mtu mzima hampigii mtoto magoti. Haipo. Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua kofia yake. Nilijikojolea pale pale kwenye kiti changu cha enzi.

"Shuka ule," akasema bibi.

Nikashuka. Nikala kiazi kimoja huku machozi yananitiririka. Yeye bado yuko magotini, akingoja.

"Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Haya. Mwene akila vya watu, huwalinda. Simba akija ni wake, vita vikija ni vyake. Huyu hapa ni mtu wako. Kesho asubuhi uje umchukue mlangoni kwangu. Akidhurika, nitakuuliza wewe."

Akainuka, akapangusa magoti, akaenda zake.

Mama yangu alipopata habari hakunipiga. Alikaa chini kama aliyefiwa. "Umepigiwa magoti na bibi wa watu?" akauliza, akauliza tena. Kabla ya jogoo kuwika akaniamsha mwenyewe.

Nikawa mlinzi. Nilimvusha kijito mgongoni, nilipigana na wale wenye ndevu hadi jino likanitoka, na darasa la nne nikalirudia, si kwa wema, ni kwa ujinga wa hesabu, tukamaliza pamoja. Njiani tulicheka, akanifundisha nyimbo za Kindali. Mchana tu ndipo alipotoweka kwenda kula peke yake, nami nikadhani ni haya ya ugeni. Alifaulu, akaenda kusoma mbali, akarudi mwalimu.

Bibi alifariki kabla ya Uhuru. Msibani nilimkuta mjukuu wake, mwanamke mzima, kitambaa cheusi kichwani. Tulikumbatiana, tukalia, akawaambia watu, "Huyu ndiye dada yangu, ndiye aliyenifikisha." Nilijisikia nimesamehewa, na kweli nilikuwa nimesamehewa.

Chakula kikaletwa. Nikaketi kando yake kwenye mkeka na sahani yangu. Yeye, huku anaendelea kunisimulia habari za wanafunzi wake, akageuka kidogo akanipa bega, na mkono wake wa kushoto ukaja juu ya sahani yake, ukaifunika.

Hakujua kwamba amefanya hivyo. Nilihamisha mkeka wangu upande wa pili, nikamwacha ale.