Kamba ya Kupimia Maporomoko

Sababu ya safari hii ilikuwa alama ndogo kwenye ramani. Niliiona mwezi wa tano mwaka 1995, katika ofisi moja ya City Centre, Lilongwe, nilikokwenda kuuliza kazi. Kazi haikuwepo, lakini nilikuwa nimekalishwa mbele ya ramani ya ukutani asubuhi nzima, na macho yangu yalifuata kijito kimoja cha upande wa Dedza mpaka mahali ambapo vistari vifupi vilikikata. Mtu aliyesoma jiografia anajua maana yake. Hapo maji yanaanguka.

Ninyi mliobaki Kindu mnaukumbuka ugonjwa wangu huu. Nilipokuwa nasoma Kisangani, kila likizo mimi na Ramazani tulitembea kwa miguu kutafuta maporomoko. Yeye hakuwa mwanafunzi. Alikuwa akiuza chumvi na vitambaa pamoja na baba yake mdogo, na vijiji vya njiani vilikuwa soko lake. Mimi nilichora maporomoko, nikaandika wenyeji wanayaitaje, na nikayapima kwa kamba yenye mafundo, iliyofungwa jiwe mwishoni. Mmoja wetu alisimama juu na kuishusha, mwingine akangoja chini. Lakini maji hulisukuma jiwe huku na huku, na kwa ule mngurumo sauti ya mtu wa chini haifiki juu. Kwa hiyo mbele ya kila kimo niliandika neno “pengine”. Ramazani alipoliona, akaniita Pengine, na mpaka leo kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka haina jina jingine la kuniita.

Nilipomwambia habari za alama ile, alitaka twende wiki hiyohiyo. Mimi nilifikiri sana. Tulikuwa tumefika Malawi katikati ya mvua, na sasa kiangazi kilikuwa kinaanza. Kwetu kiangazi huanza mwezi wa sita na mvua hurudi mwezi wa tisa. Nikasema tungoje mvua irudi, tuyaone maporomoko yamejaa.

Kulikuwa na jambo jingine lililongoja. Mwezi wa sita Ramazani alipata njia ya kwenda Afrika Kusini, na alitaka twende wote. Nilimwambia nitamjibu tukishayaona maporomoko. Shule ya kambini nayo ilikuwa imeniomba nifundishe jiografia. Nayo niliiambia ingoje. Mwezi wa tisa ukapita bila tone. Kisha jioni moja ya mwezi wa kumi mvua ikanyesha Dzaleka, kidogo lakini kwa nguvu, vumbi likalala na watoto wakakimbia uchi kati ya nyumba. Nikaenda kwa Ramazani nikamwambia wakati umefika.

“Mungu mukubwa,” akasema. “Lori yangu inaondoka siku ya kwanza, Pengine. Utanijibu kule kule kwenye majabali, kiisha nitajua kama tunakula pamoja njiani ao kila mutu na sahani yake.”

Ijumaa, baada ya swala, tuliondoka Dzaleka na kibali cha kutoka kambini. Nilikikagua kibali kile mara nyingi hata Ramazani akakichukua na kukitia katika mfuko wake wa shati. Tulipata matola, pikapu inayobeba watu kwa nauli, tukakaa juu ya magunia ya mkaa mpaka Lilongwe. Mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yamelimwa, na udongo wake mwekundu umekauka kama matofali. Niliona hivyo kwa macho yangu. Nikajiambia kwamba mvua ya Dzaleka pengine haikufika huku, ila milimani lazima imefika, kwa kuwa milima huvuta mawingu. Nilikuwa na sababu kwa kila kitu nilichokiona.

Katika soko la Tsoka, mtaa wa Old Town, Ramazani alinunua viatu vya mtumba vya safari yake, akataniana na wauzaji kwa Kichewa cha wenyeji. Alikuwa amekiokota sokoni kama mtu anavyookota karanga. Mimi nilikuwa bado naogopa kukosea, kwa hiyo sikusema zaidi ya zikomo, yaani asante.

Jioni tulifika mtaa wa Chinsapo, kwa Mama Zaina, shangazi yake Ramazani kutoka Kasongo, anayekaanga mandazi mbele ya nyumba yake ya chumba kimoja. Alitupatia nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga, kisha akauliza tunakwenda wapi. Ramazani alipomweleza, alisimamisha mwiko.

“Munaenda kuangalia maji inaanguka?”

“Njo vile, shangazi.”

“Ile beseni yangu batoto banaiangusha kila siku. Mungekaa hapa, mungeangalia bure.” Akanigeukia. “Na we, mwanangu, unamufuata mwenzako kule South?”

“Bado natafakari, mama.”

“Kutafakari iko muzuri,” akasema, akageuza mandazi. “Lakini hii, ukiiacha ndani ya mafuta na unatafakari, inakuwa makaa.”

Ramazani alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikabaki usiku ule nikiwaza kama mama yule alikuwa ametumwa.

Jumamosi alfajiri tulishika barabara ya Dedza kwa matola nyingine. Tulipita Nathenje, na mbele zaidi tukashuka mahali nilipokuwa nimepatia alama kwenye karatasi niliyonakilia ramani. Kutoka pale tulitembea. Njia ilipita kwenye majani yaliyoungua, weusi mtupu mpaka vilimani, na joto lilipanda kutoka chini kama pumzi ya tanuri. Ramazani alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nasikiliza. Mtu anayekaribia maporomoko huyasikia kabla ya kuyaona, kwanza kama upepo mbali, kisha kama watu wengi wanaoongea nyumba ya pili. Nilisikiliza upepo ule kila tulipopanda kilima, na kila mara ulikuwa upepo.

Tulikifikia kijito. Kilikuwa mchanga na mawe. Tulikifuata kwa kupanda, tukazunguka kona, na pale mbele yetu ukasimama mwamba mrefu wa rangi ya majivu, una mistari myeusi ya kushuka chini, mahali ambapo maji yamezoea kupita. Chini yake palikuwa na bonde dogo la mchanga. Ndani ya bonde mwanamke mmoja alikuwa amechimba shimo na anachota maji kwa kikombe, anayamimina ndani ya ndoo polepole ili yasichafuke.

Ramazani alimsalimu, akamwuliza kwa Kichewa. Mama yule aliuangalia mwamba, akatuangalia sisi, akaweka kikombe chini ili acheke vizuri.

“Palibe,” akasema. Hakuna. Hilo nililielewa mwenyewe.

Yaliyofuata Ramazani alinifasiria. Mama alidhani tunatafuta mawe ya thamani, kwa sababu hakujua mtu mwingine anayeweza kufuata mwamba kutoka mbali hivyo. Nikamwomba Ramazani amwambie kwamba mvua imekwisha kunyesha, tena juzi.

“Anasema ile haiko mvua,” Ramazani akafasiri. “Inaitwa chizimalupsa. Inakujaka tu kuzima moto ya porini. Mvua yenyewe ni mbele ya Noeli, na hapa maji inajaa kiisha.”

“Mwulize mwezi wa sita palikuwaje.”

“Ya nini, Pengine?”

“Mwulize.”

Alimwuliza, bila kupenda. Mama alinyoosha mkono kutoka ukingo wa juu wa mwamba hadi chini, akauyumbisha kama anayepeta unga. Mwezi wa sita palikuwa bado na maji. Watoto walikuwa wanaoga.

Ramazani aliketi akaanza kuvaa viatu vyake vya Tsoka. Angenitukana ningefurahi. Mama alitupatia maji kwa kikombe chake, baridi na yenye ladha ya mchanga, akajitwika ndoo akaenda, na tulimsikia akicheka peke yake njiani.

Nilikaa chini nikaanza kueleza. Nilieleza mvua za ikweta na mvua za kusini, na jinsi nilivyopaswa kujua na kwa nini sikujua. Ramazani alisikiliza huku anajaribu viatu vyake vipya juu ya mawe.

“Tulikuja kupima,” akasema mwishoni. “Tupime.”

Nilipanda kwa ubavuni, nikishika mizizi, mpaka ukingoni. Yeye alienda kusimama chini kabisa, juu ya bapa la jiwe lililolainishwa na maji, mahali ambapo mvua ikiwepo hakuna binadamu anayeweza kusimama. Nikashusha kamba. Haikuyumba. Ilishuka wima, fundo baada ya fundo likipita mkononi mwangu, na jiwe likagonga.

“Imefika,” akasema Ramazani.

Hakupaza sauti. Nilimsikia kama aliyeketi karibu nami. Katika miaka yote tuliyopima maporomoko sikuwahi kulisikia neno lile kutoka chini. Nilishika fundo kwa vidole viwili nikaogopa kuliachia.

“Sasa ile ingine,” akasema kutoka kule chini. “Unaenda ao hauendi?”

Kwetu ningejifanya sikusikia. Mngurumo ungenisaidia. Hapa palikuwa na ukimya kutoka mwamba huu hadi mwingine, na mtu mmoja ameinua uso ananitazama.

“Siendi,” nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

“Nilijua tangu mwezi wa sita,” akasema. “Nilitaka niisikie na mudomo yako.”

“Kama ulijua, kwa nini ulikaa unangoja?”

“Mi sikungoja mvua, Pengine. Nilikuwa nakungojea we.”

Niliposhuka, alikuwa amelifungua jiwe kutoka kwenye kamba. Alilitia mfukoni, akasema hii sasa njo visa yake, na kama polisi wa mpakani hawalitaki atawapiga nalo. Tulikula mandazi ya Mama Zaina pale mchangani, tukalala kidogo kwenye kivuli cha mwamba, tukarudi.

Jumatatu, ile siku ya kwanza aliyoitaja Ramazani, lori lilisimama Old Town, nyuma ya soko la Tsoka. Ramazani alipanda juu ya shehena na viatu vyake vya mtumba, akanipungia kofia mpaka lori lilipokunja kona. Niliporudi Dzaleka nilipitia shuleni kuikubali kazi kabla ya kufika nyumbani. Nilihofia kwamba nikifika nyumbani kwanza nitaketi nifikiri.

Mwezi wa pili, mvua zilipokuwa zimeshiba, nilirudi peke yangu. Safari hii niliyasikia nikiwa bado barabarani. Mwamba haukuonekana, palikuwa na weupe mtupu unaoshuka, na bapa alilosimama Ramazani lilikuwa limezama katika povu. Mama yule alikuwa anafua nguo kandokando. Alinitambua. “Mnzanu ali kuti?” akauliza, mwenzako yuko wapi, na kwa kuwa sasa nilikuwa nathubutu kukosea, nilimjibu kwa Kichewa changu kibovu kwamba amekwenda kusini na bado sijapata habari zake.

Nilipanda juu nikafunga jiwe jingine. Maji yalilinyakua mara moja, yakalirusha kushoto, yakalirusha kulia. Nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikavuta kamba, na mwisho wake ulikuwa mtupu.

Nimejifunza kwamba nilikuwa naita kungoja kile ambacho kwa kweli kilikuwa jibu, na kwamba aliyenipenda alilisikia jibu hilo miezi minne kabla sijalitamka. Nilikaa ukingoni, nikachora maji yote yale, nikaandika jina la maporomoko ambalo mama alinitajia. Chini yake nikaandika kimo cha mwezi wa kumi. Mbele ya kimo sikuweka neno lolote.