Gazoni Iliyokataa Kukauka

Mwaka ule kiangazi kiligoma kuondoka. Mvua ambazo kwa kawaida hutuliza vumbi la Bujumbura hazikuja, na robine za maji zilikuwa zinakohoa hewa tupu. Kila mwenye nyumba mtaani kwetu aliikabili gazoni yake, zile nyasi za mbele ya nyumba, kivyake. Mmoja alifunga mbuzi juu yake wamalizie kilichobaki. Jirani yetu wa mbele, karani mstaafu, alifagia nyasi zake zilizokufa kila asubuhi kama anafagia sebule. Baba yangu ndiye pekee aliyekataa kushindwa. Alikuwa anatoa mizigo ya watu bandarini, na nyasi ile ya pasparumu aliipanda kwa mikono yake, kipande kimoja kimoja. Sisi watoto tulikatazwa hata kuikanyaga. Niliwahi kunyimwa chakula cha jioni kwa kuruka kamba juu yake, na mpaka leo nikikumbuka naudhika.

Sheria ya Baba ilikuwa kwamba maji hayatupwi. Ya kuoshea mchele, ya udhu, ya kuogea, ya kufulia, yote yalikingwa kwenye basini, beseni la bati, na kumwagwa nyasini. Hayakusaidia sana. Gazoni ilizidi kuwa ya manjano, ila polepole kuliko za wenzake, na kwake huo ulikuwa ushindi.

Halafu tukapata wageni wawili wa siri. Vijana walioshika kizuizi mwisho wa barabara yetu walikuwa wamewafukuza watu wa upande wa pili wa vita vile vya kikabila, na waliochelewa kukimbia waliuawa. Mwanamke aliyefundisha shule moja na Mama alichelewa, akiwa na mtoto wa kunyonya. Mama aliwaingiza chumba cha nyuma. Sisi Waislamu wa mji tulihesabiwa kwamba hatuna upande, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa bado haijapekuliwa. Baba alikuwa anasubiri boti ya mizigo ya Kigoma ambayo nahodha wake alimwamini, iwavushe ziwa.

Tulijiona wajanja. Nepi zilikaushwa ndani, kwenye migongo ya viti. Redio ilipigwa kutwa ili kumfunika mtoto. Mama alikwenda sokoni na kapu lilelile, akanunua kiasi kilekile. Lakini mkono uliozoea hauulizi, na maji ya kufulia nepi Mama aliyamwaga palepale alipozoea kumwaga, chini ya dirisha la sebule. Mkojo wa mtoto ulifanya kazi yake ya mbolea. Katikati ya mtaa mzima uliokauka, gazoni yetu ikatoa baka la kijani kibichi ambalo ungeliona kutoka barabarani.

Yule jirani karani ndiye aliyeliona kwanza. Alisimama kwenye ua wa miti, mikono nyuma.

"Muzee, hii gazoni yako inakunywaka nini? Ya kwetu yote imekufa."

"Maji ya kuoga tu, jirani," Baba akacheka.

"Kwani munaoga watu wangapi?"

Kama alikuwa anatania au la, sijui mpaka leo. Baba aliingia ndani akamwambia Mama, "Ile majani itatuuza."

Kuacha kumwagilia kusingetosha, maana baka lingekaa wiki nzima bila kufifia. Asubuhi Baba alitoka na jembe akaanza kuing'oa gazoni yake. Kosa letu la pili likawa hilo. Katika mji ule, siku zile, mtu akichimba nyumbani kwake watu hawafikirii kilimo. Wanafikiria bunduki. Hakufika hata nusu, vijana wa kizuizi wakaingia getini, mmoja na nondo.

"Muzee, unaficha nini humo?"

"Apana kuficha. Mi nataka kupanda viazi."

"Viazi, na hii jua?"

Wakaanza kuchoma ardhi kwa nondo, hatua kwa hatua, wakielekea dirishani. Nilisimama mlangoni na Mama. Redio ilikuwa imezimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Na ndipo mtoto akalia kule nyuma, mara moja tu, kilio kifupi. Mwenye nondo akainua kichwa.

Baba alitupa jembe. Alipiga magoti, akakumbatia bonge la nyasi kifuani na kupiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwanamume. "Gazoni yangu! Mi nimeilea kama mutoto! Yarabi, gazoni yangu!" Makamasi yalimtoka. Mama alielewa kabla yangu kwamba kilio kile cha nyuma kilihitaji mwenyewe. Alinifinya mkono kwa nguvu zake zote, nikaangua kilio, naye akaanza kutupigia kelele sote wawili tunyamaze.

Vijana walitazamana, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Muzee amerukwa na akili! Analilia majani!" Waliondoka wakimwigiza, na geti likafungwa. Baba hakunyamaza. Alibaki palepale chini akilia, na sasa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Nilimwonea haya, na hapohapo nikampenda kwa namna iliyoniumiza.

Habari ilifika shuleni kabla yangu. Wenzangu walinizunguka uwanjani, wakapiga magoti, wakang'oa majani makavu na kulia, "Yarabi, gazoni yangu!" Nilitamani kumrarua mtu uso. Nilitamani kuwaambia baba yangu ni nani. Lakini boti ilikuwa haijaja, na kule chumba cha nyuma mtoto alikuwa ameanza kuota jino na kulia zaidi. Kwa hiyo nilimcheka baba yangu pamoja nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.